Egidius wa Ubelgiji

"Layla, uko wapi? Kaa chini kwanza."

"Nimekaa, Nassoro. Niko kwenye cherehani. Kuna nini? Mbona unahema hivyo?"

"Nimeuza moto."

Layla aliondoa mguu kwenye kanyagio. Gauni la bibi harusi wa watu likabaki limening'inia nusu chini ya sindano. Moto ile, yaani pikipiki yake, Nassoro aliipenda kama mtoto. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini aliiosha kwanza yeye mwenyewe, na hakumruhusu mtu mwingine aishike.

"Umeuza moto? Juu ya nini?"

"Nimenunua projekta! Kubwa, ya kweli kweli. Na mwenye ukumbi nimemlipa mpaka mwisho wa mwaka. Mbegu za Anga inarudi, Layla! Egidius amesema mwezi wa sita. Mi nataka watu wa Muyinga waione ukutani, ukuta mzima, si kwenye ile televisheni yangu ya zamani."

Layla aliisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Egidius ndiye amekuambia uuze?"

"Ah non, mi mwenyewe. Lakini yule mtu ameshawahi kukosea? Si ndiye alisema Kapteni Orela ataondoka, watu wakamcheka, na kweli akaondoka? Alors! Furahi basi, mke wangu mtarajiwa."

"Nimefurahi," Layla alisema.

Salima, rafiki yake wa utotoni, ambaye walishona naye kwenye chumba kimoja hapo Yoba, mjini Gitega, aliinua macho. Alimwona mwenzake ameweka simu mezani na kuifunika kwa kipande cha kitambaa, kana kwamba simu yenyewe inamtazama.

"Kuna msiba?"

"Hapana."

"Basi mbona uso umekuwa hivyo?"

Layla alirudisha mguu kwenye kanyagio. Angemwambia nini? Egidius wa Ubelgiji hakuwepo. Hakuwahi kuwepo. Egidius alikuwa yeye.

Mbegu za Anga ilikuwa tamthilia ya watu waliobeba mbegu za dunia ndani ya chombo, wakizunguka kutoka sayari moja kwenda nyingine kutafuta udongo wa kupandia. Ilianza kuonyeshwa baba yake Layla akiwa kijana. Makapteni walikuja na kuondoka, waigizaji walizeeka, wengine walikufa, na tamthilia ikaendelea. Halafu msimu wa mwisho Kapteni Orela akaingia peke yake kwenye mlango wa mwanga, picha ikakatika, na kampuni ikanyamaza. Itarudi? Kapteni mpya ni nani? Orela amekufa au amejificha? Mashabiki wa Gitega, Muyinga, Bujumbura na hata wa nje walikuwa na grupu la WhatsApp, na humo walibishana kutwa nzima.

Layla naye alikuwa humo. Alikuwa na macho makali. Akiona picha ya mwigizaji amekata nywele, anajua kuna jambo. Akisoma mahojiano ya Kifaransa, anajua mtu amekwepa swali gani. Mara ya kwanza alipoandika kwamba Orela ataondoka kwa hiari yake, kwa sababu amechoka kubeba wenzake, Gervasi aliyekuwa anasimamia grupu alimjibu, "Dada, wewe tushonee mashati, mambo ya anga tuachie." Wanaume wakacheka kwa vicheko vile vya simu, vichwa vya njano vinavyotoa machozi.

Yalimuuma. Binamu yake aliyekuja kutembea kutoka Ubelgiji alikuwa amesahau laini ya simu nyumbani kwao. Layla akaiweka kwenye simu ya zamani, akajiita Egidius, akasema anaishi Brussels karibu na watu wa studio. Akaandika maneno yale yale aliyokuwa ameandika mwanzo. Watu wakamwita bwana mkubwa. Orela alipoondoka kweli, wakamwita nabii.

Angeishia hapo, ingekuwa mchezo tu. Lakini humo humo kwenye grupu ndimo alimojuana na Nassoro, kijana wa Muyinga aliyeendesha ukumbi wa video wa kupanga, ambaye alisimama kando ya televisheni na kuwatafsiria watu kwa Kiswahili kila kilichosemwa kwa Kifaransa, akibadilisha sauti, mara kapteni, mara mtoto, mara mashine. Waliandikiana, wakapigiana, wakakutana kwenye harusi ya ndugu, wakapendana. Siku moja akamwambia Layla kwa sauti iliyokatika, "Kampuni imenyamaza sana. Watu hawaji tena. Nadhani nitafunga." Layla alimhurumia. Aliingia kwenye simu ile nyingine, akaandika: *Habari kutoka ndani. Mbegu za Anga inarudi mwezi wa sita. Msiseme kwa watu wengi.*

Alitaka tu Nassoro alale na furaha. Na sasa moto imeuzwa.

Siku zilizofuata kila alipotaka kumwambia, Nassoro alikuwa na habari nyingine nzuri. Ameupaka ukuta rangi nyeupe. Ametangaza sokoni. Watu wa Gasorwe wameahidi kushuka kutoka milimani. Wazee wake wamekubali kuja Yoba kuposa.

Kisha ukaja ujumbe ambao haukutumwa kwa Layla. Ulitumwa kwa Egidius.

*Kaka, samahani nakusumbua. Hili siwezi kuwauliza wazee wangu. Yule binti wa Gitega nampenda sana. Lakini siku hizi nikimpigia anakuwa kama mtu anayeficha kitu. Akicheka hacheki vizuri. Kaka, wewe ni mtu mzima, umeona mengi. Unadhani ana mwanaume mwingine? Niendelee au niache?*

Layla aliusoma amesimama uani, nguo za kufua zikimdondokea maji miguuni. Hapo mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi kabisa. Angeweza kuandika, *Nassoro, ni mimi.* Vidole vyake viliandika mengine.

*Oa, kaka. Binti huyo ana moyo safi. Wanawake wakikaribia kuolewa huwa na wasiwasi tu.*

Jibu lilikuja haraka. *Mungu akubariki. Umenirudishia usingizi.*

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia mpaka Salima akatoka kumtafuta. Safari hii alimweleza yote. Salima alisikiliza, mkono mdomoni.

"Layla, mpigie sasa hivi."

"Nitampoteza."

"Ukikaa kimya hutampoteza? We unafikiri Egidius atakuja kwenye harusi yenu na zawadi?"

"Nitamwambia baada ya posa."

"Baada ya posa utasema baada ya ndoa. Mi nakujua."

Mwezi wa tano ulikuwa haujaisha kampuni ilipotoa tangazo. Maneno machache tu: Mbegu za Anga imesimamishwa, hakuna msimu unaotayarishwa, asanteni kwa miaka yote. Grupu likawaka. *Egidius yuko wapi? Egidius atoke aongee! Mwongo mkubwa!* Layla alitazama matusi yakipita. Katikati ya matusi hayo mtu mmoja tu alimtetea.

*Tumsubiri kaka yetu,* Nassoro aliandika. *Labda kuna kitu anajua ambacho kampuni inaficha. Yule mtu hawezi kutudanganya.*

Layla alichomoa ile laini akaivunja. Kisha akampigia Nassoro kwa simu yake mwenyewe.

"Umeona tangazo?"

"Nimeona." Sauti yake ilikuwa nyepesi kupita kiasi. "Si kitu. Kazi iko, watu wanakuja, mambo ni sawa tu. We usihangaike, chérie."

Alikuwa anamdanganya ili asimwumize, na Layla alijua kabisa mtu akifanya hivyo anakuwaje moyoni. Kesho yake asubuhi alimwambia baba yake anakwenda Muyinga kupeleka nguo, akapanda gari la njia ya Karusi.

Ilikuwa siku ya soko. Madirisha ya ukumbi yalikuwa yamezibwa kwa blanketi, na humo gizani ukuta mzima uling'aa. Projekta ilikuwa nzuri kweli. Nassoro alisimama kando na fimbo yake, anatafsiri sehemu ya zamani, ile Orela anapoaga. Watu walikuwa wachache. Mbele kabisa aliketi Mama Kasilda, mkulima wa Gasorwe aliyekulia Tanzania kwenye kambi za wakimbizi kabla ya familia yake kurudi, kikapu chake miguuni.

"Nassoro!" mwanaume mmoja alipiga kelele kutoka nyuma. "Egidius wako ameshafika kutoka Ubelgiji?"

"Muulizeni na moto yake, kama iko angani!" mwingine akadakia.

Ukumbi ukacheka. Nassoro naye alicheka, kisha akaendelea na sauti ya Orela, lakini sauti ikamtoka vibaya, akakohoa, akarudia. Layla, amesimama mlangoni, alitamani ardhi immeze. Alipita kati ya mabenchi mpaka akamfikia.

"Layla? We umefika lini?"

"Toka nje kidogo. Tafadhali."

"Watu wako hapa..."

"Nenda, baba," Mama Kasilda alisema. "Sisi tutaendelea kutazama. Hiyo sehemu mimi naijua kwa moyo, nitawaeleza."

Nyuma ya ukumbi palikuwa na rundo la matofali na mbuzi amefungwa. Nassoro alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Sikutaka uone vile wananicheka. Nisamehe. Sikusema ukweli kwenye simu."

"Usiniombe msamaha. Nakuomba usiniombe msamaha." Alisogea karibu naye. "Nassoro, Egidius ni mimi."

Nassoro alimtazama, kisha akacheka. "We umechoka na safari."

"Umewahi kusikia sauti yake?"

"Alisema kazini kwao hawaruhusu kuzungumza..."

"Nilisema mimi."

"Layla, acha mchezo. Egidius ni mtu mzima, iko Brussels."

"Ulimwandikia hivi: 'Akicheka hacheki vizuri. Unadhani ana mwanaume mwingine? Niendelee au niache?'"

Kicheko kilimwisha taratibu, kikatoka machoni kwanza, mdomo ukabaki umefunguka peke yake. Alishika ukuta.

"Ile laini aliiacha binamu yangu," Layla aliendelea, maneno yakigongana. "Grupu walikuwa wananidharau. Nikataka wanisikilize. Halafu ukasema unafunga ukumbi, nikataka ufurahi. Sikujua utauza moto. Wallahi sikujua. Nitauza cherehani yangu, nitakurudishia..."

"Nyamaza na cherehani." Hakupaza sauti. "Moto ni chuma. Kesho nitatembea kwa miguu, sitakufa. Uliponiona nimekuandikia ule ujumbe, ulinijibu nini?"

"Nassoro..."

"Sema kwa mdomo wako. Nataka kuusikia kwa sauti."

"Nilisema... 'Oa, kaka. Binti huyo ana moyo safi.'"

"Ulijisifu."

"Niliogopa."

"Ulijisifu, Layla! Dunia nzima nilimuuliza mtu mmoja tu habari zako, na mtu huyo akawa wewe. Nikaenda kulala ninacheka kama mjinga. Nikamwambia mama yangu, kuna kaka wa Ubelgiji, mtu wa busara, amenihakikishia." Macho yalimjaa maji, akageuka kumtazama mbuzi. "Jana bado nilikuwa ninakutetea kwenye grupu. Watu wananitukana, mi nakutetea."

"Niliona."

"Uliona, ukakaa kimya."

Kutoka ndani ilisikika sauti ya Mama Kasilda ikitafsiri kwa utulivu, "Sasa anawaambia wasimfuate."

"Rudi Gitega," Nassoro alisema. "Wazee wangu hawatakuja."

Jioni ile ile, kabla jua halijazama, Layla aliketi kwenye chumba cha kushonea, akabonyeza kitufe cha kurekodi na kutuma sauti yake kwenye grupu. Hakujitetea.

"Jamani, mimi ni Layla wa Yoba. Egidius hayupo, alikuwa mimi. Habari ya mwezi wa sita niliitunga. Ile ya Orela kuondoka niliikisia kwa kusoma, na mliikataa nilipoisema kwa jina langu, lakini hiyo si sababu ya kuwadanganya. Nassoro wa Muyinga hakujua lolote. Msimcheke. Nichekeni mimi."

Majibu yalimiminika.

*Mi nilijua! Kifaransa cha Egidius kilikuwa cha Yoba kabisa!*

*Mwaka mzima tunaongozwa na mshona mashati. Yoo!*

*Dada, huna haya.*

Mmoja tu aliandika, *Ile ya Orela ulipatia lakini.* Hakuna aliyemjibu. Kisha: *Gervasi amemwondoa Layla.*

Baba yake, mzee Matata, aliyekuwa na duka la vitenge mbele ya nyumba, aliingia akamkuta ameinamisha kichwa.

"Wazee wa Muyinga wamenipigia. Wanasema posa haiko tena. Kijana amekukosea nini, niende nikamwambie?"

"Hajanikosea, baba. Mi ndiye nimeharibu."

Alimweleza. Mzee alisikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi. Alipomaliza, hakumgombeza. Alisema tu, "Yule kijana alikuwa ananipigia kila Jumatatu kuulizia mgongo wangu," akatoka. Layla alitamani angempiga.

Wiki zilipita. Alishona magauni ya wengine. Kila simu ilipolia moyo uliruka, na kila mara ilikuwa mteja. Alimwandikia Nassoro mara moja tu: *Sikuombi jibu. Nimewaambia grupu ukweli, na baba pia.* Alama mbili za buluu zilitokea, basi.

Siku Nassoro alipokuja hakupiga simu. Salima ndiye aliyemwona kwanza kupitia dirishani, akakusanya vitambaa vyake upesi upesi. "Mi nakwenda kununua uzi," alisema, na uzi ulikuwa umejaa mezani.

Nassoro aliingia, viatu vyake vimejaa vumbi. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Nimesikiliza odio yako," alisema. "Mara nyingi."

"Ndiyo."

"Mama Kasilda amenigombeza. Ameniambia, 'Binti amekuja mwenyewe mchana kweupe mbele ya watu wanaokucheka. Angekaa Gitega usingejua mpaka unazeeka.' Nikamwambia, mama, we hujui alichofanya. Akasema, 'Najua. Nilisikia yote, ukuta wenu mwembamba.'"

Layla alitaka kutabasamu, akaogopa.

"Alors, nimefikiri," Nassoro aliendelea. "Mi pia kuna kitu nilikosea. Nilikuona una wasiwasi. Badala ya kukuuliza wewe, nikamuuliza mtu nisiyemjua hata sura. Hata angekuwa kweli Egidius wa Ubelgiji, ingekuwa nini? Mtu wa mbali ananiambia nioe au nisioe?"

"Hilo si kosa kama langu."

"Si kama lako, hapana. Lako ni kubwa." Alisema bila kumwonea huruma, na Layla akatikisa kichwa kukubali. "Bado iko hasira ndani yangu. Nyingi. Nikikuangalia sasa hivi nakupenda na nataka kubamiza mlango niondoke. Lakini kule Muyinga hasira inakaa na mimi peke yangu, inanila. Nimeona bora niilete hapa, tukae nayo wote wawili."

"Utaweza kuniamini tena?"

"Leo hapana. Pole pole. Usinifiche kitu, hata kidogo, hata kama kitaniumiza. Unaweza?"

"Nitajaribu."

"Hapo hujanijibu kama Egidius. Egidius angesema, 'Naweza.'"

Hapo Layla alicheka na kulia pamoja, na Nassoro, ingawa hakuwa amepanga, akamsogezea kitambaa cha kufutia machozi. Kilikuwa kipande cha gauni la mteja.

Posa ilirudi polepole, kwa aibu na maswali mengi. Mama yake Nassoro alitaka kusikia habari yote kutoka kwa Layla mwenyewe, ana kwa ana, na Layla aliisema mbele ya wakwe watarajiwa, uso ukimwaka moto, mpaka mwisho. Harusi ilifungwa Yoba. Mama Kasilda alikuja kutoka Gasorwe na debe la maharage kichwani, akacheza kuliko wote.

Layla alihamia Muyinga na cherehani yake. Mchana ukumbi ulionyesha mpira, na siku za soko ulionyesha sehemu za zamani za Mbegu za Anga kwa wale ambao hawakuchoka kuziona. Biashara ilikuwa ya kusukuma, lakini ilikwenda. Na Layla alishika ahadi yake kupita kiasi. Alikiri kila kitu: chumvi iliyozidi, sahani iliyovunjika, mteja aliyemkasirikia bila sababu. Siku nyingine Nassoro aliinua mikono. "Layla, hiyo ungeweza kuninyima tu." Lakini alijua kwa nini anafanya hivyo, na usiku akimwona amekaa kimya anatazama ukuta, hakumuuliza anawaza nini. Alimshika mkono.

Halafu asubuhi moja grupu likawaka upya. Mtu ameleta picha: mwigizaji wa Orela anaingia kwenye jengo, amebeba karatasi, nywele zimekatwa. *Anarudi! Harudi! Ni matangazo ya sabuni tu!* Nassoro alikuja mbio na simu, akamwekea mbele ya cherehani.

"Tazama hii. We ndiye mwenye macho. Unaonaje? Itarudi?"

Layla aliichukua simu. Aliitazama picha kwa muda mrefu: nywele, karatasi, mlango, kivuli cha mtu nyuma ya kioo. Majibu matatu mazuri yalimjia papo hapo, yote ya kuaminika, yote ya kumfanya mumewe acheke siku nzima.

"Sijui, Nassoro," alisema. "Wallahi, sijui."

Nassoro alivuta kigoda akakaa ubavuni mwake.

"Bon. Na mi sijui," alisema. "Haya, anza wewe kukisia."